Mita 35 za Lami: Hesabu ya Breki na Haki ya Aliyegongwa

Mwezi Julai mwaka 2015 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Bunju A, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, aligongwa na gari katika Barabara ya Bagamoyo akafariki dunia. Wakazi wa mahali hapo walighadhibika, na ghadhabu hiyo ikaishia katika kuteketezwa kwa moto kituo cha polisi cha Bunju A. Baadaye watu kadhaa walifikishwa mahakamani kwa shtaka la kukichoma. Hivyo msiba wa nyumba moja ukazaa misiba mingine katika nyumba ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na gari lile.

Makala haya hayakusudii kuamua ni nani aliyekuwa na kosa siku hiyo; hiyo ni kazi ya mahakama. Linalochunguzwa hapa ni jambo ambalo hasira haina nafasi ya kuliona: kwamba mwendo wa gari ni kitu kinachopimika, kwamba kipimo hicho ndicho aghalabu kinachoamua iwapo mtoto atapona au atakufa, na kwamba mara nyingi gari lenyewe hukiandika kipimo hicho juu ya lami, mahali ambapo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukisoma.

Bunju iko pembezoni mwa jiji, ng'ambo ya Tegeta na Boko, katika njia iendayo Bagamoyo. Zamani palikuwa mashamba ya minazi na mikorosho; leo ni mji wenye shule, masoko, vituo vya daladala na vijiwe vya bodaboda. Barabara, hata hivyo, haikubadili tabia yake pamoja na mji. Imebaki kuwa njia kuu, ikipitisha malori, mabasi ya Bagamoyo na baadhi ya mabasi yaendayo Tanga na mikoa ya kaskazini kupitia Msata. Dereva atokaye huko huwa ameendesha kwa mwendo mkubwa kwa muda mrefu, na jicho lake limeuzoea mwendo huo. Akipunguza hadi kilometa 70 kwa saa hujiona kama anayetambaa. Hiyo si tabia mbaya peke yake. Ni upungufu wa hisi za binadamu, na ndiyo sababu gari likawekewa spidomita.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 huweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo yenye makazi. Wengi hukichukulia kikomo hicho kuwa ni amri ya kutiiwa pale tu anapoonekana askari mwenye tochi. Je, kwa nini 50? Kwa nini isiwe 60, ambayo dereva yeyote mzoefu atasema haina tofauti kubwa?

Breki haisimamishi gari papo hapo

Gari halianzi kusimama pale dereva anapoiona hatari. Sharti kwanza jicho lione, ubongo utambue kwamba kile kilichochomoza nyuma ya daladala ni mtoto, uamue la kufanya, kisha mguu utoke kwenye pedeli ya mafuta uende kwenye breki. Kwa dereva wa kawaida ambaye hakutarajia jambo lolote, shughuli hii huchukua kama sekunde 1.5, na katika muda huo wote gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Gari lenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa hwenda mita 13.9 kila sekunde. Kwa hiyo litakuwa limekwisha kupita karibu mita 21 kabla breki haijagusa kitu.

Baada ya hapo kazi ni ya msuguano kati ya tairi na lami. Kwa lami kavu na tairi nzima, mwendo huweza kupungua kwa mita 7 hivi kwa sekunde katika kila sekunde. Umbali wa kufunga breki hupatikana kwa kanuni iliyomo katika kila kitabu cha fizikia cha sekondari: chukua mraba wa mwendo, ugawanye kwa mara mbili ya kiwango cha kupungua kwake. Mraba wa 13.9 ni 193. Ukigawanywa kwa 14 hutoa karibu mita 14. Jumlisha na zile 21, na jibu ni mita 35. Huo ndio urefu wa lami ambao dereva mwenye mwendo halali anauhitaji ili asimame.

Sasa na yafikiriwe magari matatu ya namna moja, yenye madereva wenye wepesi sawa, na mtoto aliye mita 35 mbele yao. Gari la kwanza, lenye mwendo wa 50, linasimama mbele ya mtoto. Dereva anatokwa na jasho, anafoka, na safari inaendelea. Gari la pili lina mwendo wa 60. Katika sekunde 1.5 za mwanzo limekwenda mita 25, zimebaki 10 tu za kufunga breki. Mraba wa mwendo wake, 278, ukipunguzwa 140, hubaki 138, ambao kipeuo chake cha pili ni mita 11.7 kwa sekunde. Gari hilo linamgonga mtoto likiwa bado na mwendo wa kilometa 42 kwa saa. Gari la tatu lilikuwa na 80. Dereva wake ametumia mita 33 kwa kutambua hatari tu. Linafika kwa mtoto likiwa na kilometa 78 kwa saa, yaani ni kama hakuwa na breki.

Inafaa hesabu hii irudiwe ubaoni polepole, maana wengi hawaiamini mara ya kwanza. Kilometa 10 za ziada hazikuongeza 10 katika mgongano. Ziliongeza 42, pale ambapo pangekuwa na sifuri.

Wakati wa masika mambo huwa mabaya zaidi. Lami iliyolowa na tairi kipara huweza kushusha ule upungufu kutoka mita 7 hadi 4 hivi, na hapo hata dereva wa kilometa 50 huhitaji mita 45. Anayetazama simu kwa sekunde mbili hujiongezea mita nyingine 28 ambazo hakuziona kabisa.

Kuanguka kutoka mnazini

Nishati ya kitu kiendacho ni nusu ya masi yake mara mraba wa mwendo. Neno zito hapo ni mraba: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Kwa watu wa pwani kuna njia rahisi ya kulieleza jambo hili. Mtu aangukaye kutoka kimo cha mita 3.5, yaani juu ya paa la nyumba ya kawaida, hufika chini akiwa na mwendo wa kilometa 30 kwa saa. Ili afike na mwendo wa 50, lazima aanguke kutoka karibu mita 10, kimo cha mnazi wa wastani. Kwa mwendo wa 80 kimo ni mita 25, na minazi ya kufikia hapo ni ile mirefu ya kale ambayo wakwezi wenyewe huipanda kwa tahadhari. Ulinganisho huu si kamili, kwani bati la gari hubonyea kuliko ardhi, na aliyegongwa aghalabu huumia mara ya pili aangukapo barabarani. Lakini hautii chumvi. Paa la nyumba watoto huanguka na mara nyingi hupona. Mnazini hakuna anayetarajia hivyo.

Kwa sababu hiyo Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotolewa katika mkutano wa mawaziri wa nchi nyingi kuhusu usalama barabarani, lilitaka mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa mahali ambapo waendao kwa miguu na magari huchanganyika. Mbele ya lango la shule ni mahali pa namna hiyo.

Yuko atakayesema: basi watoto wafundishwe kutazama kulia na kushoto. Wafundishwe, naam, lakini mwalimu ajue mpaka wa somo hilo. Mwaka 2011 John Wann na wenzake wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, walichapisha uchunguzi uliopima uwezo wa macho ya watoto kutambua kwamba gari linawajia. Jicho hutambua hilo kwa kuona umbo la gari likipanuka. Kwa watoto wa shule ya msingi, gari likizidi kilometa 32 hivi kwa saa, upanukaji huo huweza kuwapita bila kuutambua. Mtoto ametazama kweli, ameliona gari, na bado macho yake yakamwambia kwamba limesimama.

Lami hutunza kumbukumbu

Dereva afungapo breki kwa nguvu hata magurudumu yakakwama, mpira wa tairi husagika na kuacha michirizi myeusi. Urefu wa michirizi hiyo ni ile ile kanuni ya breki ikisomwa kinyume. Mchirizi wa mita 20 juu ya lami kavu: zidisha 2 kwa 7 kwa 20, upate 280, kipeuo chake cha pili ni mita 16.7 kwa sekunde, yaani kilometa 60 kwa saa. Hicho ni kiwango cha chini, kwa sababu gari hupoteza mwendo kiasi kabla ya kuanza kuacha alama, na kama lilimgonga mtu kabla ya kusimama lilikuwa na mwendo wa ziada. Dereva aliyedai kwamba alikuwa na 40 ana la kujieleza.

Njia hii ina mipaka yake. Ile 7 si tarakimu takatifu. Mtaalamu hupima msuguano wa barabara ile ile, siku iliyo kavu au yenye mvua kama ilivyokuwa. Magari mengi ya siku hizi yana breki zinazozuia magurudumu yasikwame, na alama zake huwa hafifu au hazipo. Hapo husomwa mambo mengine: umbali aliorushwa mtu, vipande vya vioo vilipoangukia, boneti ilivyobonyea, na katika magari mengine kumbukumbu za kompyuta ya gari lenyewe.

Ubaya ni kwamba ushahidi huu hauna maisha marefu. Malori yanayofuata huukanyaga, mchanga huufunika, mvua moja huusafisha. Umati uwashapo matairi juu ya lami huchoma ukurasa uliokuwa umeandikwa. Tena, kituo cha polisi ndipo mahali panapowekwa mchoro wa eneo la ajali, maelezo ya mashahidi na taarifa ya ukaguzi wa gari. Anayekitia moto kituo huenda akaamini kwamba anawalipizia kisasi waliofiwa. Kwa hesabu ya baridi, anahatarisha karatasi ambazo wao watazihitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Kesi mbili, si moja

Watu wengi hudhani kwamba dereva akishtakiwa, mambo ya aliyegongwa yamekwisha kushughulikiwa. Sivyo. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Hata akitiwa hatiani akatozwa faini, faini hiyo huingia serikalini. Fidia ya mguu uliokatwa, au ya mzazi aliyekuwa akilipa ada, ni dai jingine la madai, na sharti lidaiwe na mwenyewe au na wategemezi wake. Kwa aliyekufa, sheria inayowapa wategemezi haki hiyo ni Sura ya 310 ya sheria za Tanzania.

Atakayelipa, aghalabu, ni kampuni ya bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, yaani wale watakaojeruhiwa au kuuawa na gari lake. Bima hiyo haikuwekwa kwa manufaa ya mwenye gari tu. Iliwekwa ili aliyegongwa na mtu asiye na mali asirudi nyumbani mikono mitupu. Namba ya gari, basi, ndiyo ufunguo wa dai, kwani kwa namba hiyo bima ya gari huweza kutafutwa. Kampuni ikikataa au ikichelewesha bila sababu, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Dai hujengwa kwa karatasi. Ya kwanza ni Fomu Na. 3 ya Polisi, ambayo kila mtu huiita PF3, na ambamo daktari huandika majeraha aliyoyaona. (Aliye mahututi apelekwe hospitali kwanza, fomu itamfuata.) Kisha huja stakabadhi za matibabu, vyeti vya hospitali, majina ya walioona, na picha za mahali pa ajali zilizopigwa kabla magari hayajaondolewa, zikiwa na futi kamba au hata hatua za mtu zikionyesha urefu wa michirizi. Simu iliyomo mfukoni mwa kila kijana wa Bunju yaweza kuifanya kazi hiyo katika dakika tano, mradi apigaye picha awe salama kando ya barabara.

Muda nao hwenda mbio. Kwa majeraha yatokanayo na uzembe wa mtu mwingine, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, hutoa miaka 3 ya kufungua shauri. Baada ya hapo hata mwenye haki iliyo wazi huweza kufungiwa mlango. Familia nyingi huupoteza muda huo katika mazungumzo ya kumalizana kienyeji. Mwenye gari huja na rambirambi, mchele na fedha kidogo, hutia karatasi mbele ya baba mwenye huzuni, naye hutia sahihi. Rambirambi zipokelewe kwa heshima, lakini karatasi isitiwe sahihi kabla haijasomwa na mtu ajuaye sheria.

Mtu huyo si lazima awe wakili wa kulipwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa msaada wa bure kwa wasio na uwezo, ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria ambao hawakusomea uwakili lakini wamefunzwa kuelekeza na kushauri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilianza kazi mwaka 1995. Mashauri ya ajali si ya ajabu kwao. Yafaa kuongeza kwamba mahakama huweza kupunguza fidia endapo aliyegongwa alichangia kwa uzembe wake, na hapo tena vipimo vya barabarani ndivyo vinavyosema ni nani aliyechangia nini.

Kijana na usukani

Leseni ya kuendesha motokaa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Kijana wa miaka 16 huweza kushangaa, kwa kuwa mikono yake ni mepesi kuliko ya baba yake. Jambo hilo ni kweli na hupimika kwa rula: mwenzake aiachie ianguke kati ya vidole vyake, na akiidaka baada ya sentimeta 20, muda aliotumia ni sekunde 0.2. Lakini barabarani sekunde 1.5 hazitumiki kwa vidole. Hutumika kwa kutambua, na utambuzi wa hatari ni mazoezi ya miaka. Tena kijana habadiliki akiwa peke yake kama anavyobadilika mbele ya wenzake. Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha nchini Marekani mwaka 2005, kwa mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta, kwamba vijana wakitazamwa na rafiki zao walijihatarisha zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao, ilhali watu wazima hawakubadilika hivyo. Nyuzilandi ilikwisha kuchukua hatua mwaka 1987 kwa kutoa leseni kwa ngazi: mwanafunzi kwanza huendesha na msimamizi, kisha peke yake lakini si usiku wa manane wala na abiria vijana, ndipo apewe leseni kamili. Nchi nyingi zimeiga.

Huko Bunju gari la kwanza la kijana kwa kawaida si motokaa bali pikipiki. Breki ya gurudumu la mbele ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki; abiria watatu wakipangwa nyuma kwa mtindo wa mshikaki, uzito huhamia nyuma na mbele hupungua mshiko. Kofia ngumu, kwa upande wake, humpa mvaaji sentimeta chache za povu ambamo kichwa hupunguza mwendo badala ya kuusimamisha ghafla. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia inayotundikwa kwenye kioo cha pikipiki haimo katika hesabu hiyo. Na mzazi anayemwachia kijana asiye na leseni ufunguo ajue kwamba masharti ya bima aghalabu humtaka dereva awe na leseni halali.

Kazi ya darasa

Jijini Dar es Salaam palifanywa jaribio lililolinganisha shule zilizorekebishiwa barabara na zile zisizorekebishwa. Marekebisho yenyewe yalikuwa ya kawaida: matuta, vivuko, njia za miguu, vizuizi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa asilimia 26. Anayetaka marekebisho kama hayo mbele ya shule yake atasikilizwa zaidi akija na vipimo.

Vipimo hivyo haviitaji tochi ya askari. Wanafunzi, wakiwa ndani ya ua wa shule pamoja na mwalimu, wachague alama mbili kando ya barabara, nguzo au miti, zilizo mita 50 kati yao kwa futi kamba. Mmoja ainue mkono gari lipitapo alama ya kwanza, mwingine apime kwa saa ya simu mpaka lipite ya pili. Wayarekodi magari 100, asubuhi wakati wa kuingia shule, katika safu tatu: daladala, malori, pikipiki. Gari lililotumia sekunde 3.6 lilikuwa na kilometa 50 kwa saa barabara. Lililotumia sekunde 3 lilikuwa na 60. Lililotumia sekunde 2.25 lilikuwa na 80, na kwa kila moja mwanafunzi aweza kuandika kando, kwa kanuni aliyokwisha kuiona, ni mita ngapi lingehitaji ili lisimame.